Singe, medali, msalaba na kofia ya chuma: nitajuaje kama ni halisi kabla ya kununua?

Msakakale ameandika:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naomba msaada wa wenye uzoefu wa kutambua vifaa vya kijeshi vya zamani. Nimeonyeshwa sanduku la vitu vilivyokuwa mali ya mkusanyaji aliyefariki, na familia yake inataka kuviuza vyote kwa pamoja. Wanasema vitu hivyo vilikuwa vya askari mmoja wa Uingereza aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba baadhi alivitwaa kwa adui mwaka 1918 akarudi navyo nyumbani.

Ndani ya sanduku kuna singe ndefu ya bunduki, yenye alama ya taji na namba 1907, jina la Wilkinson, na namba 17 iliyopigwa pembeni. Kinga yake ya mkono ina ndoana iliyopinda kuelekea mbele. Kuna medali ya fedha yenye sura ya mfalme upande mmoja na mpanda farasi upande wa pili, na ukingoni mwake limeandikwa jina la mtu. Kuna Msalaba wa Chuma wa Ujerumani wenye mwaka 1914. Kuna kofia ya chuma ya Kijerumani yenye stika mbili, ya kulia ikiwa ngao ya rangi tatu na ya kushoto ikiwa na tai. Mwisho kuna bomu la mkono ambalo wanasema ni tupu.

Sina maabara wala vifaa vya kitaalamu. Nina lenzi ya kukuzia, sumaku, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) na taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Ningependa kujua nianze kuangalia wapi, na kama kutu na uchakavu unaoonekana kwenye vitu hivi unaweza kuaminiwa kuwa ushahidi wa umri. Vilevile, naruhusiwa kuvisafisha kidogo ili nisome maandishi vizuri?

Ghala la Silaha amejibu:

Kabla ya mengine yote, ndugu Msakakale, achana na hilo bomu la mkono. Usilinyanyue tena, usifungue kifuniko chake, wala usilipakie kwenye gari kulipeleka kwa mtu akalitazame. Neno "tupu" kutoka kwa mtu ambaye hakulitegua mwenyewe halina thamani yoyote, kwa sababu baruti na viwashio vya zamani huweza kubaki hai kwa miaka mingi na vingine huzidi kuwa hatari kadiri vinavyozeeka. Waambie wenye nyumba waliache lilipo, waondoke karibu nalo, na wapige simu polisi. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakipitishiana vitu kama hivyo mezani kama bakuli la karanga. Hilo likishamalizwa, mengine yanaweza kusubiri.

Fundi wa Ubapa amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia kuhusu bomu, kwa hiyo nitajikita kwenye singe, ambayo ndiyo ninayoifahamu zaidi.

Namba 1907 si mwaka ambao singe yako ilitengenezwa. Ni mwaka wa kielelezo, yaani aina ya singe iliyoidhinishwa mwaka huo kwa ajili ya bunduki fupi ya Lee-Enfield, na namba hiyo hiyo hupatikana kwenye singe zilizotengenezwa miaka mingi baadaye. Tarehe halisi ya kutengenezwa huandikwa kwa mwezi na mwaka, karibu na jina la kiwanda, kwenye sehemu ya ubapa iliyo jirani na mpini ambayo hainolewi. Tazama pia herufi zilizo chini ya taji. Mfalme Edward wa Saba alifariki mwaka 1910, kwa hiyo singe yenye ER ni ya mwanzoni, na zenye GR ni za George wa Tano aliyemfuata. Ukikuta ER pamoja na tarehe ya kutengenezwa ya mwaka 1916, hapo pana mgogoro unaohitaji maelezo.

Upande wa pili wa ubapa utafute mshale mpana, ambao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na herufi X inayoonyesha kwamba ubapa ulijaribiwa kwa kupindwa ukarudi mahali pake. Kutakuwa pia na mihuri midogo ya wakaguzi yenye taji. Mihuri halisi ilipigwa na watu tofauti kwa nyakati tofauti, ndiyo maana haikupangika kwa unadhifu. Mmoja huzama zaidi, mwingine huegemea upande. Chapa za kuigiza mara nyingi zina kina kimoja na kingo za mviringo, kwa sababu zimetoka kwenye kalibu pamoja na chuma chenyewe badala ya kupigwa kwa nyundo.

Sasa tuje kwenye ndoana, ambayo ndiyo kiini cha suala lako. Singe za kielelezo hiki zilianza zikiwa na ndoana kwenye kinga ya mkono, lakini Uingereza iliiondoa kwenye utengenezaji mwaka 1913, na nyingi zilizokuwa tayari zimetoka zilikatwa ndoana zake katika karakana za jeshi. Kwa sababu hiyo zilizobaki na ndoana ni chache na hutafutwa sana, na kwa sababu hiyo hiyo wapo wanaochukua singe ya kawaida isiyo na ndoana wakachomelea moja. Mwaka 1916 likaongezwa tundu dogo kwenye kichwa cha mpini, la kutolea uchafu unaoziba mahali singe inaposhikana na bunduki. Singe nyingi za awali zilitobolewa tundu hilo baadaye, lakini si zote.

Hivyo singe ya Wilkinson yenye ndoana, ikiwa kweli ilitengenezwa mwaka 1917, haikubaliani na historia yake yenyewe. Lakini usikimbilie kuihukumu. Hiyo 17 inaweza kuwa si tarehe ya kutengenezwa bali tarehe ya kukaguliwa na kutolewa upya kwa askari, maana jeshi lilipiga chapa za namna hiyo pia. Naomba uangalie mambo matatu: kama kuna mwezi na mwaka mwingine karibu na jina la kiwanda, kama kichwa cha mpini kina tundu, na kama pale ndoana inapoungana na kinga ya mkono kuna mstari, kivimbe au tofauti ya rangi. Ndoana ya asili ni chuma kimoja na kinga yenyewe, kwa hiyo hapapaswi kuwa na mshono wowote.

Kuhusu kutu, usiitegemee sana. Kutu ya kulazimishwa kwa chumvi au tindikali huwa ya rangi ya machungwa, imetapakaa sawasawa hata mahali ambapo mkono ungeifuta kila siku, ilhali kutu ya muda mrefu huwa ya kahawia iliyokolea, ngumu, na huvamia zaidi pembe na mianya. Hata hivyo, nakala zilizotengenezwa miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya maigizo na filamu sasa zina umri wa nusu karne na kutu yake ni ya kweli kabisa. Bandia nayo huzeeka.

Usiisafishe kwa msasa wala kwa dawa ya kung'arishia. Tone la mafuta mepesi na kitambaa laini vinatosha kuondoa vumbi juu ya maandishi.

Ukingo wa Fedha amejibu:

Nitachukua medali na msalaba.

Medali yako, kwa maelezo uliyotoa, ni Medali ya Vita ya Uingereza ya 1914 hadi 1918. Sura ni ya George wa Tano akitazama kushoto, na upande wa pili ni mpanda farasi aliye uchi, farasi wake akikanyaga ngao yenye tai pamoja na fuvu la kichwa na mifupa. Zilitolewa takriban milioni 6.5 za fedha, na nyingine zipatazo 110,000 za shaba kwa vikosi vya vibarua. Kipenyo chake ni milimita 36. Wingi huo una faida kwako, kwa sababu medali ya aina hii ikiwa peke yake haimlipi sana mghushi. Kinacholipa ni jina lililo ukingoni.

Kwa askari wa kawaida, ukingo unapaswa kuwa na namba yake, cheo, jina na kikosi, kwa herufi kubwa zilizopigwa ndani ya chuma. Medali ya aina hii ya afisa wa jeshi la nchi kavu haina namba, na kwa kawaida haitaji kikosi. Mtu akikuonyesha medali ya luteni yenye namba ya askari, muulize maswali zaidi. Tumia lenzi uone kama herufi zimepigwa zote kwa mtindo mmoja na kina kinachofanana, au kama zimechongwa kwa mkono juu ya mahali palipokwanguliwa.

Kalipa yako itakusaidia hapa kuliko kifaa kingine chochote. Mtu anayefuta jina na kuandika jingine hana budi kukwangua fedha, na fedha iliyokwanguliwa hairudi. Pima kipenyo katika sehemu sita au nane kuzunguka medali. Ukikuta kinapungua mahali jina lilipo, au ukingo unaonekana bapa sehemu moja na mviringo sehemu nyingine, jina hilo si la kwanza. Kipimo hicho hicho hufichua nakala zilizomiminwa, kwa sababu mghushi hutengeneza kalibu kutokana na medali halisi na chuma kikipoa hunywea, hivyo nakala hutoka ndogo kidogo kuliko mama yake. Uso wake nao huwa na vitundu vidogo vya hewa, na nywele za mfalme huonekana kama zimeyeyuka.

Utepe usikusumbue. Wa asili una rangi ya machungwa katikati, kisha nyeupe, nyeusi na buluu kuelekea kingoni, lakini tepe zilibadilishwa kila zilipochakaa, na utepe mpya hauifanyi medali kuwa bandia. Swali la maana zaidi ni iko wapi Medali ya Ushindi, kwa kuwa askari wengi waliofika kwenye uwanja wa vita walipata zote mbili. Mara nyingi hutengana kwa kuuzwa au kugawanywa kati ya ndugu, na vilevile medali nyingi za fedha ziliyeyushwa bei ya fedha ilipopanda mno mwaka 1979 na 1980, zikaachwa za Ushindi, ambazo ni za shaba. Kukosekana kwa moja si kosa, ila kunahitaji kuulizwa.

Kuhusu Msalaba wa Chuma, wa mwaka 1914 wa Daraja la Pili ulitolewa kwa zaidi ya watu milioni 5, kwa hiyo kuupata wa kweli si muujiza. Upande mmoja unapaswa kuwa na taji juu, herufi W katikati na 1914 chini, na upande wa pili taji, herufi FW, majani ya mwaloni na 1813. Muundo wake wa kawaida ni wa vipande vitatu: kiini cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi, na fremu mbili za fedha au madini yanayofanana nayo zilizolehemiwa pamoja kukizunguka. Tazama kwa upande, kwenye unene wake, uone ule mstari ambapo fremu mbili zinakutana. Bandia za bei ya chini humiminwa kipande kimoja na kupakwa rangi mbili, kwa hiyo mstari huo haupo, au upo kwa kuchorwa tu. Sumaku inapaswa kuvutwa na kiini. Pete ya kuning'inizia mara nyingi ina chapa ndogo ya mtengenezaji, lakini si kila mara.

Fundi wa Ubapa amejibu:

Naomba niongeze tahadhari kuhusu sumaku. Wapo watu wanaoipitisha sumaku kisha wanatangaza kitu ni halisi. Sumaku inaweza kukataa kitu, lakini haiwezi kukithibitisha, kwa sababu nakala nzuri za siku hizi nazo zimetiwa kiini cha chuma. Zaidi ya hapo, misalaba michache ya kweli ilitengenezwa kwa kiini kisichovutwa na sumaku, na wakusanyaji bado wanabishana kuihusu.

Ukingo wa Fedha amejibu:

Hilo ni kweli, na ndiyo sababu nimetanguliza mshono wa fremu. Lakini kwa mtu asiye na maabara, sumaku huokoa muda: msalaba usiovutwa kabisa na usio na mshono umeshajijibu wenyewe.

Bitana amejibu:

Nimesoma yote hapo juu na ninashangaa hakuna aliyegusa kofia, kwa sababu ndiyo inayovunja hadithi ya muuzaji.

Kofia za chuma za Kijerumani za Vita vya Kwanza, zilizoanza kutolewa mwaka 1916, hazikuwa na stika za aina hiyo. Ngao ya rangi tatu upande wa kulia na tai upande wa kushoto ni mambo ya miaka ya 1930. Askari aliyerudi nyumbani mwaka 1918 hakuweza kurudi na kofia iliyopambwa hivyo. Hii haimaanishi kwamba kofia ni bandia, bali inamaanisha kwamba kofia na hadithi havitoki mahali pamoja, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo wanunuzi wengi huyachanganya.

Kuna uwezekano wa aina tatu. Kwanza, inaweza kuwa kofia ya 1916 au 1918 iliyotumiwa tena. Ujerumani ilipopanua jeshi lake ilichukua makofia mengi ya zamani, ikayatia bitana mpya na stika, ikayatoa tena. Utaitambua kwa vijiti viwili vifupi vinene vilivyojitokeza kwenye pande za kichwa, ambavyo awali viliwekwa ili kushikilia bamba zito la ziada la mbele na pia kupitisha hewa. Pili, inaweza kuwa ya kielelezo cha 1935, ambayo ni ndogo zaidi, ukingo wake umekunjwa ndani, na matundu yake ya hewa yana pete ndogo iliyotengenezwa peke yake kisha ikapachikwa. Ile ya 1940 inafanana nayo sana, ila tundu la hewa limefinyangwa kwenye chuma chenyewe bila pete. Ile ya 1942 ukingo wake haukukunjwa, umeachwa wazi na kupindishwa nje kidogo. Tatu, inaweza kuwa nakala.

Ukishajua kielelezo, rudi kwenye stika. Amri ya kuacha ngao ya rangi tatu ilitoka mwaka 1940, na ya kuacha tai ilifuata mwaka 1943. Kwa hiyo gamba (yaani chuma chenyewe cha kofia) la 1942 lenye stika zote mbili linakinzana lenyewe, kwa maana stika moja ilikuwa imekwisha kukatazwa kabla gamba halijatoka kiwandani. Mtu anayebandika stika ili kuongeza thamani mara nyingi hajui hilo, au anategemea kwamba mnunuzi hajui.

Ndani ya kofia, upande wa kushoto, kuna chapa ya kiwanda na saizi ya gamba. Q ni Quist wa Esslingen, ET ni kiwanda cha Thale, na vipo vingine. Namba inayofuata herufi ni saizi ya gamba kwa sentimita. Kisha tazama ukanda wa chuma unaoshika bitana ya ngozi. Nao umepigwa saizi ya gamba linaloufaa pamoja na saizi ya kichwa, kwa mfano 64 n.A. 57, ambapo n.A. ni kifupi cha Kijerumani chenye maana ya aina mpya. Ikiwa gamba ni 64 na ukanda unasema 66, bitana imetoka kwenye kofia nyingine. Hilo hutokea hata kwa vitu halisi, kwa sababu bitana zilibadilishwa, lakini hupunguza uzito wa dai kwamba kofia haijaguswa.

Mwisho ni uso wa stika. Chukua lenzi na taa uielekeze kutoka pembeni. Mikwaruzo ya miaka mingi haijui mpaka kati ya rangi na stika. Mkwaruzo unaoanzia kwenye rangi unapaswa kuendelea juu ya stika bila kusita. Ukikuta mikwaruzo inaishia kwenye ukingo wa stika, au inapita chini yake, stika ilifika baada ya mikwaruzo.

Kuhusu taa yako ya urujuanimno, itumie kwenye kitambaa, uzi na utepe. Kemikali za kung'arisha nguo zilienea baada ya Vita vya Pili, na uzi wenye kemikali hizo hung'aa kwa rangi ya buluu nyeupe kwenye giza. Ila tahadhari: kitambaa cha kale kilichofuliwa kwa sabuni ya kisasa kitang'aa pia, na kuna nakala za pamba ghafi ambazo haziwaki hata kidogo. Uzi wa poliesta kwenye mshono wa asili ndio unaomaliza mjadala, kwa sababu poliesta haikuwa sokoni kabla ya vita hivyo kwisha.

Msakakale ameandika:

Nawashukuru sana nyote. Polisi walikuja na kulichukua bomu, na wenye nyumba wamepumua. Nimerudi kwenye vitu vingine nikiwa na lenzi na kalipa, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwenye singe, baada ya kupitisha mafuta kidogo, chini ya 1907 nimesoma namba 3 na 11 karibu na jina la Wilkinson. Ile 17 ni ndogo zaidi na imepigwa kwa kina tofauti. Kichwa cha mpini kina tundu. Kwenye shina la ndoana naona mstari mwembamba unaozunguka, na chuma cha ndoana ni cheupe kidogo kuliko cha kinga.

Medali ni milimita 36 kila nilipopima, na herufi za ukingoni zinafanana zote. Kuna namba, cheo cha askari wa kawaida, jina na kikosi. Msalaba unavutwa na sumaku na una mstari wa mshono kuzunguka unene wake wote, ingawa sikuona chapa kwenye pete. Kofia ina pete kwenye matundu ya hewa, ukingo umekunjwa, ndani imeandikwa Q64, na ukanda wa bitana unasema 64 n.A. 57. Lakini mikwaruzo ya upande wa kulia inaishia pale ngao ya rangi tatu inapoanzia. Upande wa tai mikwaruzo inapita moja kwa moja.

Fundi wa Ubapa amejibu:

Kazi nzuri. Singe yako ilitengenezwa Machi 1911, wakati ambapo ndoana ilikuwa bado ni ya kawaida, kisha ikakaguliwa na kutolewa upya mwaka 1917. Tundu lilitobolewa baadaye, na hilo linapatana na tarehe ya pili. Mpaka hapo kila kitu kinakubaliana. Tatizo ni mstari kwenye shina la ndoana. Nionavyo mimi, ndoana ya asili ilikatwa karakanani kama zilivyokatwa nyingi, na mtu wa siku za karibuni akarudishia nyingine. Hivyo unayo singe halisi ya jeshi yenye kiungo cha uongo. Ithaminishe kama singe iliyokatwa ndoana na iliyoharibiwa kidogo, si kama ile adimu, na umweleze muuzaji sababu. Inawezekana kabisa kwamba hata marehemu aliinunua hivyo bila kujua.

Bitana amejibu:

Kofia ni ya kielelezo cha 1935 kutoka Quist, na gamba na bitana vinapatana, jambo zuri. Tai ya kushoto inaonekana imezeeka pamoja na rangi. Ngao ya kulia imeongezwa, au ya asili iliondolewa kufuatia amri ya 1940 na mtu akaweka mpya ili kuirudishia sura ya kwanza. Ukiangalia kwa mwanga wa pembeni unaweza kuona kivuli cha ngao ya zamani, au alama za kukwanguliwa chini ya ile mpya. Usijaribu kuing'oa. Kofia yenye stika moja ya kweli na moja ya uongo bado ni kofia ya kweli, na ukiikwangua utapoteza ushahidi wa yote mawili.

Mtunza Majalada amejibu:

Sikuwa na la kusema mpaka sasa, kwa sababu mimi hushughulika na karatasi zaidi kuliko chuma. Medali yenye namba, cheo, jina na kikosi ndicho kitu pekee kwenye sanduku hilo kinachoweza kufuatiliwa hadi kwa binadamu. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew ina kadi za faharasa za medali katika kundi la WO 372, na orodha zenyewe za waliopewa katika WO 329, na kadi hizo hutafutwa kwa njia ya intaneti. Linganisha namba, si jina peke yake, kwa kuwa majina ya kawaida hujirudia kwa mamia, na zingatia kwamba mtu mmoja aliweza kuwa na namba zaidi ya moja akihamishwa kikosi. Kadi itakuambia pia kama alistahili Medali ya Ushindi, na mara nyingine alianza kutumikia uwanja upi wa vita.

Ukitafuta jalada lake la utumishi ukalikosa, usihitimishe kwamba hakuwapo. Sehemu kubwa ya majalada ya askari wa Uingereza wa vita hivyo iliteketea kwa moto baada ya ghala lake kupigwa bomu mwezi Septemba 1940, na yaliyookolewa mengi yameungua kingo. Hali kama hiyo iliwapata Wamarekani pia, moto wa St. Louis wa mwaka 1973 ulipoteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18. Kukosekana kwa karatasi ni pengo tu, si ushahidi dhidi ya mtu.

Jambo la pili ni hadithi. Familia huenda inasema kile ilichoambiwa kwa nia njema kabisa. Waombe wakuonyeshe chochote kilichoandikwa kabla ya leo: barua, picha ya zamani ambamo kitu kinaonekana, risiti ya mnada, daftari la marehemu. Wakusanyaji wengi huweka daftari la manunuzi, na iwapo lipo, litakuambia kila kitu kilitoka kwa nani na mwaka gani, na huenda likamaliza dai la askari mmoja kwa ukurasa mmoja. Cheti cha uhalisi kilichotiwa saini na mtu anayeuza ni karatasi ya muuzaji tu. Kina uzito iwapo aliyekitia saini anajulikana, ameeleza alichokiona, na yuko tayari kurudisha fedha akithibitika kukosea.

Msakakale ameandika:

Mtunza Majalada, nimefuata ushauri wako. Kadi ya askari huyo ipo, namba na kikosi vinalingana na ukingo wa medali, na inaonyesha alipewa medali zote mbili, ya Vita na ya Ushindi. Familia imepata daftari la marehemu. Medali aliinunua peke yake, singe aliinunua miaka kadhaa baadaye kwa mtu mwingine, na kofia haikuandikwa ilikotoka. Wamekubali sasa kuuza kimoja kimoja. Nachukua medali na msalaba, na singe nitaichukua iwapo watakubali kuiandika kwenye risiti kuwa ndoana si ya asili.

Bitana amejibu:

Na kofia?

Msakakale ameandika:

Kofia nimewaomba wanipe nafasi ya kuipiga picha upande wa kulia kwa mwanga wa pembeni. Nitaziweka hapa ili uone kama chini ya ngao kuna kivuli cha ile ya kwanza.